Bezi ya chapa moja, rova ya chapa nyingine: namna ya kuzisikilizanisha redio zake

Kazi nyingi za upimaji Dodoma hazifanywi na seti moja iliyotoka dukani pamoja. Bezi, yaani kipokezi cha setilaiti kinachosimama mahali pamoja na kurusha masahihisho kwa redio, ni ya kampuni iliyopata kazi; rova moja, kipokezi cha kutembea nacho kinachoyapokea masahihisho hayo, imekodiwa mjini, ya pili ameileta kijana aliyeitwa asubuhi kuongeza nguvu kwa sababu viwanja ni vingi na mteja anataka bikoni zichimbiwe kabla ya mwisho wa wiki. Mkifika Nala, Ntyuka au huko Mtumba, mnajikuta na Trimble ya zamani, South ya juzi na CHC ya katikati, na kila mwenye kifaa anaapa kwamba chake ni kizima. Mara nyingi anasema kweli. Vifaa ni vizima, ila havijawekwa vielewane.

Mwongozo huu unafuata safari ya masahihisho: yanavyotoka kwenye bezi, yanavyopita hewani, yanavyosomwa na rova. Ufuate kwa mpangilio huohuo. Wengi huanza kwa kubadilisha vitu vitano kwa mpigo, redio ikikubali hawajui kilichosaidia ni kipi, na kesho yake wanaanza upya.

Jaribio la kwanza lifanyie uani kwa ofisi, siku moja kabla, si porini. Tumia nguvu ndogo ya redio, wati moja au chini yake, na uache makumi kadhaa ya mita kati ya bezi na rova. Ukiziweka meza moja na redio ya wati 35 ikiwa inarusha kwa nguvu zote, rova inaweza kuzidiwa na mawimbi ikaonekana kiziwi, nawe ukaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Na usiwashe redio ya nje kurusha kabla ya kufunga antena yake. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuunguza sehemu ya kurushia.

Hatua ya kwanza: anza na rova

Mazoea ni kuiweka bezi kwanza, kisha kuilazimisha rova iifuate. Geuza. Redio ya bezi, hasa ile ya nje inayokula betri ya gari, kwa kawaida ina machaguo mengi. Redio iliyomo ndani ya rova ndiyo yenye mipaka, kwa hiyo hiyo ndiyo ipewe sauti ya kwanza.

Fungua menyu ya redio kwenye kontrola (kifaa cha mkononi cha kuiendeshea) ya kila rova uandike kwenye karatasi: masafa inayoweza kupokea, itifaki zote zilizoorodheshwa, upana wa chaneli, na kasi ya hewani. Soma pia lebo iliyo chini ya kifaa. Redio nyingi za sasa zinashika kuanzia karibu MHz 403 au 410 hadi 470 au 473, lakini za zamani ziliuzwa kwa vipande: 410 hadi 430, 430 hadi 450, au 450 hadi 470. Rova ya kipande cha 430 hadi 450 haitasikia bezi iliyo kwenye 460 hata ukiisimamisha juu ya mlima Imagi. Na kuna rova ambazo hazina redio kabisa, zilinunuliwa kwa ajili ya intaneti peke yake. Bora uligundue hilo ofisini kuliko ukiwa Hombolo.

Zilinganishe orodha zako. Kile kinachoonekana kwenye orodha zote ndicho utakachokitumia, hata kama si kipya wala si cha kisasa.

Hatua ya pili: masafa, na yaandikwe yote

Usikubaliane na mwenzako kwa namba ya chaneli. Chaneli ya 3 kwenye South si lazima iwe chaneli ya 3 kwenye Hi-Target. Kila chapa ina jedwali lake, na mwenye kifaa huenda alilibadilisha. Kubalianeni kwa MHz, tena kwa desimali zote. Tuseme masafa yenu ni 464.5625. Mmoja akiandika 464.56 amekosea kwa kHz 2.5. Kwenye chaneli yenye upana wa kHz 12.5 kosa hilo linatosha kuifanya rova ipokee kwa kusuasua: karibu na bezi inashika, ukisogea kidogo inapoteza, na kila mtu anaisingizia betri.

Namba hiyo ni ya mfano tu. Masafa yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kampuni inayorusha kwa redio inatakiwa iwe na leseni ya masafa yake. Zaidi ya sheria kuna faida ya kazi yenyewe. Maeneo ya Mtumba na Ihumwa, na kandokando ya barabara ya mzunguko, unaweza kukuta timu zaidi ya moja siku moja. Bezi mbili kwenye masafa mamoja hufanya rova zote ziyumbe, na kuna baya zaidi ya hilo ambalo nitalifikia.

Hatua ya tatu: itifaki, moduleshi, kasi na upana

Hapa ndipo siku nyingi zinapopotelea. Masafa yanaweza kuwa sawa hadi desimali ya mwisho na rova isisikie kitu, kwa sababu itifaki ya redio ni jinsi ile data inavyofungashwa kabla ya kurushwa. Mambo manne lazima yafanane pande zote mbili: jina la itifaki, moduleshi (namna data inavyopandishwa kwenye mawimbi), kasi ya hewani kwa biti kila sekunde, na upana wa chaneli.

Itifaki utakazokutana nazo zaidi ni hizi. TRIMTALK 450S ilianzia kwa Trimble, lakini leo ipo kwenye redio za karibu kila chapa, zikiwemo za Kichina. SATEL 3AS ni ya SATEL wa Finland, na utaikuta sana kwenye vifaa vya Ulaya. Familia ya Pacific Crest ina PCC-GMSK, PCC-4FSK na Transparent EOT. Utazikuta kwenye redio za PDL na ADL ambazo bado zipo kazini miaka mingi baada ya kununuliwa. Kisha kuna za ndani ya chapa: SOUTH na ndugu zake, Farlink, HUACE, Hi-Target. Hilo HUACE ndilo jina la nyumbani la CHC, kwa hiyo ukiliona kwenye orodha ya South usishangae, wameliweka ili rova yao iisikie bezi ya jirani.

Ushauri wangu: kwenye mchanganyiko wa chapa anza na TRIMTALK 450S, moduleshi GMSK, kasi 9600 kwa upana wa kHz 25. Kama leseni yenu ni ya kHz 12.5, kasi ya TRIMTALK inashuka hadi 4800, na hapo itabidi upunguze ujumbe, kama nitakavyoeleza. SATEL 3AS na PCC-4FSK zinabeba zaidi kwenye nafasi ileile, 9600 kwa kHz 12.5 na 19200 kwa kHz 25, kwa hiyo kama rova zote zinazo, zitumie hizo. Farlink na nyingine za kisasa zinaweza kufika mbali zaidi, lakini zimefungwa ndani ya chapa. Hazikusaidii ukiwa na rova ya mgeni.

Ukiona menyu ya redio ya SATEL ina TrimTalk450s mara mbili, moja ikiwa na herufi P na nyingine T, usichague kwa kubahatisha ukaridhika. P imelengwa kwa redio za Pacific Crest, T kwa za Trimble. Jaribu moja, ikikataa jaribu ya pili kabla hujagusa kitu kingine.

Baada ya hayo manne kuna swichi ndogo ambazo hakuna anayezitaja: FEC, yaani urekebishaji wa makosa njiani, na kuchanganya biti, ambako kwenye baadhi ya menyu kumeandikwa "scrambling". Zikiwa zimewashwa upande mmoja na kuzimwa upande wa pili, taa ya rova inaweza kuwaka huku data ikitoka takataka. Kama hujui mwenzako ameziwekaje, zima FEC pande zote kwanza, upate mawasiliano, ndipo uirudishe.

Hatua ya nne: poti kati ya bezi na redio ya nje

Hii ni fupi. Bezi inaongea na redio ya nje kwa kebo, na kebo ina kasi yake, mara nyingi 9600, 19200 au 38400. Kasi hii haihusiani na kasi ya hewani, ingawa namba zinafanana na ndiyo maana watu huzichanganya. Ilinganishe kwenye bezi na kwenye redio. Taa ya kurusha ikipepesa mara moja kila sekunde, umepita. Ikiwaka mfululizo au isipowaka kabisa, mara nyingi tatizo liko kwenye kebo, poti au kasi yake, na hakuna haja ya kumpigia simu mwenye rova.

Hatua ya tano: ujumbe uliomo ndani ya redio

Redio zikishasikilizana, kazi imefika nusu. Mgogo na Mrangi wanaweza kupigiana simu, laini ikawa safi kabisa, na bado wasielewane kila mmoja akishikilia lugha ya kwao. Ndivyo ilivyo rova inayopokea kifurushi vizuri isijue kukisoma.

Epuka lugha za nyumbani. CMRx ni ya Trimble, 4G ya Leica ni ya Leica. CMR na CMR+ zinasomwa na chapa nyingi, lakini zilibuniwa zama za GPS na hazifai kama unategemea setilaiti za BeiDou ya China na Galileo ya Ulaya. Lugha ya wote ni RTCM, na toleo lake lina maana. RTCM 3.2 ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta ujumbe wa MSM, unaobeba setilaiti za mifumo yote. Rova iliyotengenezwa kabla ya hapo na haijaongezewa programu haitauelewa. Kwa rova ya namna hiyo iambie bezi itume ujumbe wa zamani: 1004 kwa GPS, 1012 kwa GLONASS ya Urusi, 1006 kwa mahali ilipo bezi, na 1033 kwa jina la kifaa na antena. Kwa rova mpya tuma MSM4: 1074 ya GPS, 1084 ya GLONASS, 1094 ya Galileo na 1124 ya BeiDou, pamoja na 1006, 1033 na 1230.

Kwa nini MSM4 na si MSM7 ambayo wauzaji huisifia? Piga hesabu. Chukua setilaiti 10 kwa kila mfumo, masafa mawili kila setilaiti. Ujumbe mmoja wa MSM4 unakuwa na baiti kama 172. Mifumo minne ni karibu baiti 690, yaani biti 5,500 kila sekunde. Redio ya 9600 inaubeba na nafasi inabaki. MSM7 ya setilaiti hizohizo ni karibu baiti 275 kwa mfumo, jumla baiti 1,100, biti 8,800. Ongeza 1006, 1033 na vichwa vya redio yenyewe, 9600 imejaa. Washa FEC, imemwagika. Dalili yake ni umri wa masahihisho (sekunde tangu bezi iyatoe) unaopanda 2, 3, 4 kisha kushuka, na rova inayopoteza fiksi, yaani jibu thabiti la sentimita, bila sababu ya kuonekana. Kwa redio ya 4800 hata MSM4 ya mifumo minne haiingii. Hapo ondoa mfumo mmoja au miwili, au tuma kila baada ya sekunde 2. Ujumbe wa 1006 na 1033 hauhitaji kutumwa kila sekunde. Kila sekunde 10 unatosha.

GLONASS ina ukorofi wake. Kila setilaiti yake inarusha kwa masafa yake, tofauti na GPS, Galileo na BeiDou, na saketi za kila chapa huyachelewesha masafa hayo kwa namna yake. Bezi na rova za chapa moja, ucheleweshaji unafutana. Chapa zikitofautiana haufutiki, isipokuwa rova ikiijua bezi ni nani. Ndiyo kazi ya 1033 na 1230. Ukiona setilaiti ni nyingi, umri wa masahihisho ni sekunde 1, na bado rova imeganda kwenye floti, jibu ambalo bado halijatulia, dakika baada ya dakika, zima GLONASS kwenye rova. Ikishika fiksi papo hapo umempata mchawi, endelea na mifumo mitatu iliyobaki. Anga ya Dodoma ni wazi, hutaikosa sana.

Hatua ya sita: soma dalili kwa zamu

Simu ya kawaida kutoka site huwa hivi: "Kaka, hii rova yako mbovu, haishiki." Muulize maswali kwa mpangilio huu.

Taa ya kupokea inapepesa? Kama hapana, rudi hatua ya kwanza hadi ya tatu: masafa, itifaki, moduleshi, kasi, upana, antena. Angalia antena hasa, maana zinafanana kwa macho. Antena fupi ya kipande cha 410 hadi 430 ukiifunga kwenye redio ya 465 itafanya kazi uani na kukuangusha ukifika kilomita mbili.

Inapepesa, ila kontrola haioneshi umri wa masahihisho? Redio ni nzima, lugha ndiyo tatizo, au FEC. Ukiwa na laptopu na redio ya nje ya kupokelea, ichomeke ufungue STRSVR iliyomo kwenye RTKLIB, programu ya bure, uangalie kinachoingia. Kila ujumbe wa RTCM 3 huanza na baiti D3. Usipoiona hata moja, unachopokea si RTCM 3 au kimeharibika njiani.

Umri upo na ni mdogo, ila haitoki kwenye floti? GLONASS, au bezi imekaa chini ya mbuyu.

Imeshika fiksi? Bado usichimbie bikoni.

Hatua ya saba: hakiki namba

Nenda kwenye bikoni inayojulikana, tofauti na ile iliyo chini ya bezi, uipime kwa kila rova. Hapa usifanye mzaha, kwa sababu makosa yanayotokana na kuchanganya chapa hayapigi kengele.

Tofauti ya sentimita kadhaa kwenye kimo pekee, hadi kumi au zaidi kidogo, mara nyingi ni antena ya bezi. Bezi imetuma mahali pa kitako cha antena, rova haitambui jina la antena hiyo, au kinyume chake. Linganisha jina la antena na namna ya kupima kimo, wima au mshazari, kisha rudia.

Tofauti ya mita chache ina maana bezi iliwashwa kwa kujikadiria yenyewe badala ya kupewa namba za bikoni. Tofauti ya karibu mita 300 kaskazini-kusini na makumi ya mita mashariki-magharibi ni mfumo wa zamani wa namba za ramani, Arc 1960, umegongana na mipya, TAREF11 au WGS84. Ramani nyingi za zamani za mji zipo kwenye Arc 1960. Namba zikiwa hazifanani kabisa, tazama kanda ya UTM, gridi ya ramani iliyogawanywa kwa nyuzi za longitudo. Jiji liko upande wa magharibi wa longitudo ya nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo ni kanda ya 36 kusini, lakini Kongwa na Mpwapwa ziko kanda ya 37. Rova iliyotoka kazini Kongwa jana inaweza kuwa bado na mradi wa jana.

Na lile baya nililoliahidi: fiksi safi kutoka bezi isiyo yako. Timu ya jirani ikiwa kwenye masafa na itifaki zilezile, rova yako inaweza kuisikia ya kwao vizuri kuliko yako, ikashika, ikakupa namba za mfumo wao. Ipe bezi yako namba ya utambulisho, na kila rova iambiwe ikubali namba hiyo tu badala ya "yoyote". RTCM 3 inaruhusu hadi 4095. Kwa CMR baki kati ya 0 na 31.

Umbali: inua antena kabla ya kuongeza wati

Redio hizi zinahitaji kuonana. Kanuni ya kukadiria: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena ya bezi kwa mita, jumlisha na cha rova, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena ya bezi mita 3 na ya rova mita 2 ni karibu kilomita 13 kwenye uwanda kama wa Bahi. Ipandishe ya bezi hadi mita 10, zinakuwa karibu 19. Vilima vya mji havijui kanuni hiyo. Mlimwa ikiwa katikati, wati 35 hazitakusaidia. Hamisha bezi au tafuta redio ya kurudishia, ambayo nayo lazima ikubali itifaki ileile. Nguzo ndefu ifunge kwa kamba tatu, maana upepo wa hapa mnaujua.

Orodha zisipokutana kabisa

Kuna siku rova ina itifaki moja tu ya kwao na bezi haina. Mna njia tatu.

Ya kwanza ni kuiacha redio ya ndani na kuifunga rova redio ya nje ya kupokelea, ya jamii moja na iliyoko kwenye bezi, kwa kebo au bluetooth. Ni mzigo mgongoni lakini inafanya kazi.

Ya pili ni NTRIP, kupeleka masahihisho kwa intaneti. Itifaki za redio zinaondoka kwenye mjadala, inabaki RTCM peke yake. Laini ya simu ya kawaida haikupi anwani ambayo rova inaweza kuipigia moja kwa moja, kwa hiyo mnahitaji seva ya katikati: bezi inapeleka kule, rova zinachukua kule. RTK2go inatoa huduma hiyo bure, na RTKLIB inaweza kuiunganisha bezi isiyo na laini kupitia laptopu. Bando linaloliwa ni dogo: kwa MSM4 ya baiti 690 kwa sekunde ni karibu MB 2.5 kwa saa. Kabla ya kuichagua, tembea eneo lote na simu yenye laini mbili uone mtandao upi unafika mabondeni.

Ya tatu ni kurekodi data ghafi pande zote na kuchakata jioni. Haikusaidii kusimika bikoni mahali palipochorwa, ila kwa kupima zilizopo inatosha. Washa kurekodi kwenye bezi tangu asubuhi, kila sekunde 1, hata siku ambayo redio zimekubali. Faili za kila chapa zigeuzwe kuwa RINEX, muundo wa faili unaosomwa na chapa zote, kabla ya kuchanganywa, na kimo cha antena cha kila kituo kiandikwe daftarini pamoja na neno "wima" au "mshazari" na sehemu kilipopimwa, kwa sababu programu ya chapa nyingine haitajua ulipima hadi wapi.